Zima, Subiri, Washa Tena

Mashine ya kufulia ilisimama katikati ya kazi, maji yamefika nusu ya kioo, mlango umejifunga. Taa moja ya rangi ya chungwa ilikuwa ikiwaka na kuzimika, ikiwaka na kuzimika. Nikabonyeza kila kitufe, hakuna kilichoitika. Nikampigia fundi. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akanipa maelekezo ambayo bila shaka hata wewe umewahi kupewa: "Chomoa plagi dada, iache dakika tano hivi, halafu chomeka tena."

Nikachomoa. Nikasubiri. Nikachomeka.

Kufuli la mlango likalia, taa zote zikawaka kwa pamoja kisha zikazimika, na pampu ikaanza kutoa maji kama vile hakuna kilichotokea. Nikampigia tena kumshukuru, nikamuuliza, "Sasa fundi, tatizo lilikuwa nini?"

"Tatizo hakuna. Iliganda tu."

Jibu hilo limenikaa kichwani wiki nyingi sasa. Simlaumu fundi; alisema kweli kwa kadiri ambavyo mtu yeyote angeweza kusema. Pampu ilikuwa nzima, mota nzima, mpira wa mlango mzima. Kibovu kilikuwa mahali ambapo bisibisi haifiki: ndani ya kompyuta ndogo iliyo nyuma ya vitufe. Na nilipochomoa plagi, ubovu ule ulitoweka pamoja na ushahidi wake wote.

Kwamba mashine iliganda hakukunisumbua sana. Vitu huharibika. Kilichonisumbua ni kwa nini kuzima na kuwasha kulitosha, na kama pale tulitengeneza kitu au tulikisahaulisha tu.

## Baiti elfu mbili

Kompyuta za aina hii tunaishi nazo bila kuzihesabu. Zimo kwenye rimoti, kwenye laini ya simu, kwenye kadi ya benki, kwenye breki za gari, kwenye kibodi ninayoandikia haya. Hazina kioo wala mafaili. Kila moja imepewa kazi yake na kufungiwa nayo.

Mwaka 1971 Intel walitoa 4004, chipu yenye transista (swichi ndogo mno za umeme) 2,300 hivi, iliyobuniwa kwa ajili ya kikokotoo cha kampuni ya Kijapani, Busicom. Miaka mitatu baadaye Texas Instruments wakaanza kuuza TMS1000, yenye kichakataji, programu na kumbukumbu vyote kwenye kipande kimoja. Tangu hapo kompyuta ikawa kipuri.

Nichukue moja ninayoifahamu vizuri, ATmega328P, ile iliyo kwenye Arduino Uno, bodi ndogo ya kujifunzia elektroniki. Saa yake inapiga mara milioni 16 kwa sekunde. Nafasi ya kuweka programu ni baiti 32,768, baiti moja ikitosha kubeba herufi moja. Nafasi ya kufanyia kazi, yaani kila kitu inachokijua kwa wakati huu, ni baiti 2,048. Makala haya, kuanzia juu hadi kwenye sentensi hii, yasingeenea humo.

Umeme ukifika, chipu inaanzia mstari wa kwanza wa programu. Inaweka thamani za kuanzia, inakagua vitu vichache, kisha inaingia kwenye mzunguko usio na mwisho: soma sensa, linganisha, amua, washa kitu au zima, rudia. Itazunguka hivyo mpaka umeme ukatike, iwe ni baada ya saa moja au miaka kumi.

Tuseme mashine yangu ina chipu ya ukubwa kama huo. Haijui nguo ni nini. Maji haiyaoni. Inachoona ni namba: sensa ya joto inabadilisha volti, chipu inaigeuza volti hiyo kuwa namba kati ya 0 na 1,023, na programu inasema ikifika namba fulani, zima hita. Mahali pengine kwenye kumbukumbu, pengine kwenye baiti moja tu, imeandikwa hatua iliyofikiwa. 1 ni kujaza maji, 2 ni kupasha moto, 3 ni kuzungusha. Sasa fikiria baiti hiyo inasema 2, lakini kwa sababu fulani hita imeshazimwa. Mashine itangoja maji yafikie joto ambalo hayatalifikia kamwe.

Sisi tunaona imeganda. Yenyewe iko kazini kwa kasi ileile ya siku zote, ikiuliza swali lilelile maelfu ya mara kwa sekunde na kupata jibu lilelile.

Nilipoelewa hilo, neno la fundi lilianza kunipa shida zaidi. Hakuna kilichoganda. Kulikuwa na kompyuta nzima kabisa, inayotii programu yake kikamilifu, iliyokuwa imeamini jambo lisilo la kweli.

## Mahali pekee wanapopajua

Baiti 2,048 ni biti 16,384, na kila biti inaweza kuwa 0 au 1. Ukitaka kuandika idadi ya hali zote ambazo kumbukumbu hiyo inaweza kuwa nayo, utahitaji namba yenye tarakimu zaidi ya 4,900. Nyingi kati ya hali hizo hazitafikiwa kamwe, lakini hata zile zinazofikika hakuna binadamu aliyezipitia zote, wala hatatokea.

Hali moja tu ndiyo ambayo kila mhandisi anaijua kwa undani, nayo ni ya mwanzo. Kila jaribio linaanzia hapo. Kila asubuhi kwenye meza ya kazi, bodi inachomekwa umeme na programu inaanza mstari wa kwanza. Jambo likienda vibaya anarekebisha, anawasha upya, anaanzia palepale. Kwa hiyo dakika za kwanza za maisha ya kifaa zimejaribiwa kupita kiasi. Siku yake ya tisini huenda haijawahi kuonwa na mtu.

Unapochomoa plagi, unairudisha mashine mahali pekee ambapo aliyeitengeneza ana uhakika napo.

Na zile dakika za kusubiri zina sababu. Kwenye bodi kuna kapasita, vihifadhi vidogo vya umeme, na baadhi hubaki na chaji kwa muda baada ya plagi kutoka. Ukirudisha upesi mno, volti inaweza kuwa imeshuka bila kufika chini kabisa, na baadhi ya biti zikabaki zilivyokuwa. Ile imani potofu inavuka na kuingia maisha mapya. Ndiyo maana fundi anasema subiri.

## Siku ya 248

Kuna ubovu usiohitaji bahati mbaya yoyote. Unahitaji muda tu.

Kihesabu cha baiti moja kinafika 255 kisha kinarudi 0. Cha baiti mbili kinafika 65,535. Kama kinahesabu sekunde, kinajaa baada ya saa 18 na dakika 12. Cha baiti nne kikihesabu milisekunde kinajaa baada ya siku 49 na zaidi ya nusu. Mtu anayejaribu programu yake kutwa nzima, jioni akazima na kwenda kulala, hatakutana na hivyo viwili vya mwisho hata afanye hivyo mwaka mzima.

Mwaka 2015, FAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani, ilitoa agizo kuhusu ndege za Boeing 787. Majaribio ya maabara yalikuwa yameonyesha kwamba vidhibiti vya jenereta vikikaa na umeme siku 248 mfululizo, kihesabu kilichomo ndani ya programu yake kinafurika, na kidhibiti kinajitoa kazini kwa tahadhari. Vidhibiti vikuu viko vinne. Vikiwa viliwashwa kwa pamoja, vingejitoa kwa pamoja, na ndege ingepoteza umeme wake wote wa AC, yaani wa mkondo geu, hata kama iko angani. Ukipenda, fanya hesabu mwenyewe: kihesabu cha biti 32 kinachobeba namba chanya na hasi hufurika kikifika 2,147,483,648. Kikipiga mara 100 kwa sekunde, hizo ni siku 248 na nusu.

Dawa ya kwanza waliyoagizwa wenye ndege, wakati programu mpya ikisubiriwa, ilikuwa kuzima umeme wa ndege na kuuwasha tena kwa ratiba.

Nilipolisoma agizo hilo nilikaa nalo muda mrefu. Ushauri wa FAA na wa fundi wangu ulikuwa mmoja. Tofauti yao ni kwamba FAA walijua kwa nini, na kwa sababu walijua kwa nini, walijua pia lini.

Kutojua lini kunaweza kuua. Tarehe 25 Februari 1991, mtambo wa Patriot wa kuzuia makombora huko Dhahran, Saudi Arabia, ulikuwa umewaka zaidi ya saa 100. Saa yake ilihesabu kwa sehemu ya kumi ya sekunde, na moja ya kumi haiandikiki kikamilifu kwa namba za kompyuta, kama vile theluthi moja isivyoandikika kikamilifu kwa desimali. Kila hesabu ilipunjwa kidogo sana. Baada ya saa 100 upunjaji ule ulifika sekunde 0.34, na kwa muda huo kombora la Scud linapita zaidi ya nusu kilomita. Mtambo ukalitafuta mahali ambapo halikuwepo. Wanajeshi 28 wa Marekani walikufa.

Wiki mbili kabla, Waisraeli walikuwa wameshatoa taarifa kwamba usahihi unapungua mtambo ukikaa umewaka. Watumiaji wakatahadharishwa wasiuache ukiwaka muda mrefu sana, lakini hawakuambiwa muda mrefu ni saa ngapi. Kuuzima na kuuwasha kulichukua kati ya sekunde 60 na 90. Programu iliyorekebishwa ilifika Dhahran tarehe 26 Februari.

## Kengele 1202

Baada ya hayo nilikuwa tayari kuandika kwamba kuwasha upya ni njia ya kufukia uzembe. Kisha nikarudi kusoma habari za Apollo 11, na msimamo huo ukayumba.

Tarehe 20 Julai 1969, chombo kikiteremka kuelekea usoni mwa mwezi, kompyuta yake ilianza kutoa kengele namba 1202. Kompyuta ile ilikuwa na uzito wa kilo 32 hivi na nafasi 2,048 za kumbukumbu ya kufanyia kazi, idadi ileile ya Arduino Uno, ingawa kila nafasi ilikuwa pana zaidi. Rada ambayo haikuhitajika wakati ule ilikuwa ikiipelekea ishara zisizo na maana na kuinyang'anya muda wake. Kazi zikarundikana. Nafasi ikaisha.

Ikajianzisha upya.

Ilifanya hivyo wakati wa kutua, watu wawili wakiwa ndani. Ikaziacha kazi zisizo za lazima, ikazichukua zile za lazima kuanzia pale zilipoishia, ikaendelea kuongoza. Kengele zikarudi tena na tena, kila mara ikajikusanya, na chombo kikatua. Mfumo huo wa kupanga kazi kwa umuhimu ulibuniwa na Hal Laning wa chuo cha MIT, na waliouendeleza walichukulia tangu mwanzo kwamba ipo siku kompyuta itazidiwa. Kuanza upya kulikuwa sehemu ya ustadi wao.

Chipu nyingi za leo zimerithi wazo la namna hiyo. Zina kipima muda cha ulinzi ambacho programu inatakiwa kukigusa kila baada ya muda mfupi. Isipokigusa, kipima muda kinachukulia kwamba programu imepotea njia na kuianzisha chipu upya bila kumuuliza mtu. Huenda ruta yako imeshafanya hivyo ukiwa umelala, na asubuhi ukakuta kila kitu kiko sawa. Siwezi kuliita hilo uzembe. Kifaa kilicho juu ya nguzo au chini ya bahari hakina wa kukichomolea plagi.

Kwa hiyo kama kuanza upya kwenyewe hakuna ubaya, mbona bado nilikuwa na kinyongo na ile mashine yangu?

Jibu nilianza kuliona kwa Jack Garman. Siku chache kabla ya safari, katika mazoezi huko Houston, kengele ya jamii ileile iliwafanya waongozaji wakatishe kutua, na baadaye ikabainika hawakuwa na sababu ya kufanya hivyo. Garman, mhandisi wa miaka 24, akaandika kwa mkono orodha ya kengele zote na hatua ya kuchukua kwa kila moja. 1202 ilipolia kweli, alijua jibu ndani ya sekunde chache: endeleeni.

Iweke hadithi hiyo kando ya Therac-25, mashine ya kutibu saratani kwa mionzi. Kati ya 1985 na 1987 wagonjwa sita walipigwa na mionzi iliyozidi kwa mbali ile waliyoandikiwa, na baadhi yao wakafa. Huko Tyler, Texas, Machi 1986, kioo kilionyesha hitilafu namba 54, basi. Kitabu cha maelekezo hakikueleza namba hiyo ina maana gani. Mashine ilikuwa na tabia ya kusitasita mara kwa mara kwa sababu ndogondogo, na herufi P iliruhusu kuendelea. Mwendeshaji akabonyeza P. Mgonjwa akapigwa mara ya pili.

Mwezi uliofuata ikatokea tena, hapohapo. Safari hii mwendeshaji na mwanafizikia wa kituo kile wakakaa na mashine, wakirudia kuandika amri zilezile kwa kasi ileile, mpaka hitilafu 54 ikatokea mbele ya macho yao wakiwa wameikusudia. Mtu akisahihisha maandishi upesi, programu ilikuwa inapitwa: kioo kinaonyesha tiba moja, mashine imejiandaa kwa nyingine.

Kompyuta ya Therac haikuwa chipu ndogo, ilikuwa kabati. Lakini nimeileta kwa sababu ya P. Kitufe cha P na plagi ya mashine yangu vinafanya kazi moja: vinamruhusu mtu kusonga mbele bila kujua alichokiruka.

## Mirihi, na mbali zaidi

Pathfinder, chombo cha utafiti cha NASA, ilitua Mirihi tarehe 4 Julai 1997. Siku chache baadaye ikaanza kujiwasha upya yenyewe, na kila ilipofanya hivyo kazi zilizobaki za siku ile ziliahirishwa hadi kesho yake. Kazi ndogo ya kukusanya habari za hali ya hewa ilikuwa inashika ufunguo wa njia ya mawasiliano ya ndani. Kazi kubwa iliyouhitaji ufunguo huo ikawa inasubiri. Halafu kazi za kati, zisizohusika kabisa na ufunguo, zinaingia na kuizuia ile ndogo kumaliza. Mlinzi wa mfumo anaona kazi kubwa haijakamilika kwa wakati, anaiwasha upya kompyuta nzima.

Wahandisi waliijua hitilafu ile kwa sura. Ilikuwa imejitokeza wakati wa majaribio kabla ya safari, lakini kila walipoiwinda haikujirudia. Safari hii wakawasha kinasa matukio kwenye nakala ya chombo iliyobaki duniani, wakaiendesha mpaka ikajiwasha upya, wakasoma mlolongo mzima. Marekebisho yalikuwa kubadilisha mpangilio mmoja uliokuwa umezimwa, na wakautuma Mirihi kwa redio.

Voyager 1 ni kisa kikubwa zaidi kwangu, kwa sababu huko kuwasha upya kulishindwa. Mnamo Novemba 2023 chombo hicho, kilichorushwa mwaka 1977, kiliacha kutuma data zinazosomeka. Wakajaribu kuianzisha upya kompyuta yake ya data. Haikusaidia. Ujumbe mmoja ulikuwa unachukua zaidi ya saa 22 kukifikia, na saa nyingine 22 kwa jibu kurudi. Mwezi Machi 2024 amri moja ya majaribio iliwarudishia nakala ya kumbukumbu yote ya kompyuta ile, na ndani yake wakaona asilimia 3 hivi imeharibika kwa sababu ya chipu moja. Wakaikata programu vipande, wakavihamishia sehemu zilizobaki nzima, na Aprili wakaanza kupata tena taarifa za afya ya chombo.

Kompyuta ya miaka ya sabini, iliyo zaidi ya kilomita bilioni 24 kutoka hapa, iliweza kuwaambia watu wake inaumwa wapi. Yangu ilikuwa umbali wa mkono.

## Kifaa kisichozimwa

Mtu mwenye kifaa cha kuusaidia moyo kupiga hana plagi ya kuchomoa. Mwaka 2017, huko Marekani pekee, vifaa vya moyo 465,000 vilihitaji programu mpya ili kuziba mwanya wa kiusalama. Wagonjwa walitakiwa kwenda kliniki, na kwa dakika tatu hivi, programu ikibadilishwa, kifaa kiliendesha moyo kwa mapigo 67 kwa dakika, bila mbwembwe nyingine yoyote. Kuna mtu aliyekaa akafikiria dakika hizo tatu. Akaamua mapema kwamba kompyuta ikiwa katikati ya kubadilika, moyo hausubiri. Uangalifu wa namna hiyo naupenda sana, na nadhani ndio ninaoutaka kwenye vitu vidogo pia, kwa kiwango chao.

## Biti nne

ATmega328P ina rejista, yaani nafasi ndogo ya kumbukumbu ndani ya chipu yenyewe, inayoitwa MCUSR. Biti zake nne za chini hutunza sababu ya chipu kuwashwa: umeme umetoka sifuri, mtu amebonyeza kitufe cha kuanzisha upya, volti ilishuka chini ya kiwango, au kipima muda cha ulinzi kimeingilia kati. Chipu yenyewe inajua. Programu inaweza kuzisoma biti hizo kabla haijafanya jambo lolote, ikaziandika kwenye EEPROM, ile kumbukumbu isiyofutika umeme ukikatika.

Kwa kisa changu biti hizo pekee zisingetosha. Zingesema umeme umetoka sifuri, jambo ambalo mimi niliyechomoa plagi nilikuwa nalijua. Lakini programu ingekuwa inaandika hatua iliyofikiwa kila inapobadilika, na namba za sensa kila baada ya dakika kadhaa, fundi angekuta mstari mmoja unaosema hatua ya 2, hita imezimwa, joto halipandi tangu dakika ya 20. Kutokana na mstari huo angejua aanzie wapi: sensa, waya wa hita, au programu yenyewe.

Nimejiuliza kama hilo lingeimaliza kumbukumbu, kwa kuwa EEPROM huchoka. Kila baiti ya chipu hii imekadiriwa kuandikwa mara 100,000. Mashine yenye hatua 15, ikifua mara moja kila siku, ingeichosha baiti moja baada ya miaka 18, na baiti ziko 1,024 za kupokezana.

Najua pia kwamba mashine nyingi za kisasa tayari zinahifadhi namba za hitilafu. Unazipata kwa kubonyeza vitufe kwa mpangilio ulioandikwa kwenye vitabu vya mafundi wa kampuni, na kila kampuni ina namba zake. Fundi wa kawaida, yule unayempigia kwa sababu jirani alimsifu, hana kitabu hicho. Anabaki na plagi.

Magari yalishavuka hapo. Tangu modeli za 1996, kila gari dogo linalouzwa Marekani lazima liwe na soketi ya OBD-II ya kusomea namba za hitilafu, na sehemu kubwa ya namba hizo ni za pamoja. P0301 ni silinda ya kwanza haiwaki sawasawa, gari liwe la kampuni gani. Kampuni hazikufanya hivyo kwa ukarimu. Sheria za moshi wa magari ziliwalazimisha. Matokeo yake ni kwamba fundi yeyote mwenye kisomeo kidogo anaweza kuiuliza kompyuta ya gari imeona nini, na ikamjibu.

Sioni kwa nini mashine ya kufulia, friji au pampu ya maji isiwe na kitu cha namna hiyo. Hata soketi si lazima. Taa moja inaweza kupepesa namba, mradi namba ziwe za wote na maana zake zichapishwe.

Kwa wasomaji wanaoandika programu za vifaa hivi nina swali. Optiboot, programu ya kuanzishia inayokuja na Arduino Uno, huisafisha MCUSR kabla programu yako haijaanza, na anayetaka kujua sababu ya kuwashwa lazima achukue hatua ya ziada. Kwenye vifaa mnavyouza, mstari wenu wa kwanza unafanya nini na biti zile nne? Mnaziweka mahali, au mnazifuta? Na kama mnaziweka, nani mwingine anaruhusiwa kuzisoma?